Jumapili Niliyohamia Sauti ya Nne

Nina miaka ishirini na sita, na kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Hasamba, Mbozi, bado naimba sauti ya kwanza, ile nyembamba, na akina mama. Daktari aligundua mwili wangu hautengenezi homoni za kiume za kutosha, akanianzishia sindano. “Sauti itashuka na ndevu zitaota, ila polepole,” alisema. Polepole! Mimi ninayekagua kidevu kwenye kioo kila asubuhi?

Ijumaa, baada ya sindano ya pili, niliamka na sauti nzito inayokwaruza. Nikampigia mama simu. “Wewe nani mwenzangu?” akauliza. Nilitokwa na machozi ya furaha. Mafua ya baridi ya Mbozi niliyokuwa nayo wala sikuyafikiria. Nikanyamaza siku mbili nzima, naitunza sauti yangu.

Jumapili nikajipanga nyuma na wanaume wa sauti ya nne, ile nzito kuliko zote, kifua mbele. “Una uhakika, kaka?” mwalimu wa kwaya akauliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Wimbo unaanzwa na sauti ya nne peke yake. Nikafungua mdomo. Kumbe mafua yamepona! Kisauti changu chembamba kikapaa juu ya wanaume wote, kanisa zima likageuka. Mstari wa mbele, akina mama wakasogeana kimya kimya, wakaniachia nafasi yangu.