Kengele ya Kinga Yangu mu Misa

Ba ndugu, ba dada, mukaribie, lakini mwenye kucheka sana asikunywe kwanza, juu maji itamutokea mu pua.

Nilikuwa ninataka kuoa Filomena hapa Élisabethville, lakini baba yake alisema mutoto wake hataolewa na muntu wa imani kidogo. Siku ya mungu, miye na baba yake tukaenda ku misa. Nikaegemeza kinga yangu, baiskeli mupya, ku ukuta ya kanisa. Ilikuwa inang'aa mpaka ba kipofu ya Sakania, kule mbali, balikuwa banaiona.

"Unaiacha bila munyororo?" baba mukwe akauliza.

"Baba, miye niliachaka wasiwasi. Yezu atachunga."

Akafurahi, akaingia mbele. Njo nikafungua mbio, nikatosha kiti ya kinga, pompi ya upepo na kengele, nikaficha mu koti. Tumbo ikakuwa sawa ya mama mwenye mimba ya mapasa.

Mon père, padri wetu, akahubiri: musihangaike, Baba wa mbinguni anajua. Nikaitika na kichwa mpaka shingo karibu ivunjike, lakini roho ilikuwa inje na magurudumu. Nikatia mukono mu koti kuhakikisha kama kengele ingali iko. Ikalia.

Bantu bakafikiri ni kengele ya altare, ile ya kupigisha bantu magoti. Kanisa muzima ikapiga magoti, mama moja akaanza kutoa machozi. Mon père akabaki mudomo wazi mu katikati ya mahubiri. Nikasimama nikimbie, kiti ya kinga ikaanguka kutoka mu koti, pompi ikaifuata.

Baba mukwe, angali ku magoti, akasema bote basikie: "Kumbe Yezu ulimuachia achunge paka magurudumu tu."