Udi Uliowashwa Mapema

Juzi, joto la Muscat likiwa limetufungia ndani, rafiki yangu wa utotoni alinipigia simu kutoka Finland. Nyumba ya wazazi wake kule pwani imeshauzwa. Nilikata simu nikabaki nimekaa, na nakwambia ukweli, msomaji wangu, kilichonijia kwanza si sura ya nyumba ile. Ni hofu niliyoipata siku tuliyofika.

Yeye na wazazi wake walikuwa majirani zetu Azaiba, mtaa wa hapa Muscat. Baba yake alikuwa mhandisi, na mama yake akija kwetu kila alasiri kukaa na bibi, wakinywa kahawa, mpaka akaokota Kiswahili chetu cha nyumbani, cha kutosha kuombea sukari. Sisi watoto tulikua kama pacha. Kazi ya baba yake ilipokwisha wakarudi kwao, nami nililia mpaka mama akachoka kunibembeleza. Kwa hiyo walipotualika likizo ya kiangazi, sikuwa na habari nyingine mdomoni ila safari hiyo.

Tulifika jioni, lakini jua lilikuwa bado liko juu. Nyumba ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nyekundu, nyuma yake misonobari, mbele bahari tulivu ambayo hata harufu ya chumvi haikuwa nayo. Mimi na mwenzangu tukatumwa bustanini kuchuma stroberi, tukala nyingi kuliko tulizorudi nazo. Mezani palikuwa na viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda yake, siagi, na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Tulikuwa hatujatia tonge kinywani pale mama mwenyeji alipotoka jikoni anatabasamu, kashika chetezo alichopewa na bibi siku ya kuagana, udi unafuka.

Bibi akaweka kikombe chini. Kwetu udi ni wa mwisho. Mgeni keshakula, keshakunywa kahawa, ndipo chetezo kinapozungushwa, akajifukiza nguo zake na kuaga. Hakuna anayeambiwa aondoke, udi unatosha.

"Haya, tushukuru, tuinuke," bibi akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, ndo kwanza tumefika," baba akamwambia.

"Na wao ndo washatwambia. Mie nnataka kuondoka na heshima yangu."

Mama akaanza kukusanya mitandio. Baba akasimama kuulizia teksi, kwenye kijiji ambacho hata gari la kupita lilikuwa tukio. Mwenyeji akatahayari, akazidi kupepea moshi upande wa bibi akidhani haujamfikia, na kila alivyopepea bibi akazidi kujifunga buibui lake. Leo nacheka. Siku ile niliushika mguu wa meza machozi yakinitoka, kwa sababu nilijua tukitoka pale simwoni tena mwenzangu.

Yeye ndiye aliyeniuliza nalia nini.

"Mama yako katufukuza," nikamwambia.

Akanitazama, akakitazama chetezo. Alikuwa amelelewa nusu kwetu, hakuhitaji maelezo. Akamwambia mama yake maneno machache kwa lugha yao, na yule mama akaiva uso mzima. Kumbe miaka yote ile Azaiba aliona kila akija kwetu hufukiziwa udi, akajua ndiyo heshima ya mgeni. Hakuwahi kutia akilini kwamba kila mara alikuwa yuko njiani kwenda zake. Alichukua jagi la maji mezani akalimimina lote juu ya makaa.

"Udi hakuna," akasema kwa Kiswahili chake. "Bibi, kaa."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Hebu nipe hicho kiazi," akasema, akavua buibui. Nami nikauachia mguu wa meza. Tulikaa likizo nzima, tukibeba kuni, tukioga kwenye maji ya baridi, bibi akilalamikia Maghrib isiyotaka kuingia.

Bibi na mama yule wote wameshafariki. Siku hizi hapa kwetu Bawshar, Muscat hii hii, chetezo ni cha umeme, kinawashwa mgeni akiwa bado anavua viatu, na hakuna anayeshtuka. Wanangu hawajui kwamba udi uliwahi kumwinua mtu kitini. Afadhali, wamepona na hofu ile. Lakini hawataijua pia raha niliyoipata mimi, ya kumwona mtu akiumwagia maji udi wake wa thamani ili nisiondoke.