Sauti ya Kufumua

Mama yangu alikufa akiwa na shazia mkononi, ile sindano nene ya kushonea mikeka, na nilipovikunjua vidole vyake niliona kwamba hakuwa akishona. Alikuwa akifumua. Sikushangaa, maana tangu nilipopata akili mama alifumua zaidi ya alivyoshona.

Kazi ya nyumba yetu pale kisiwani Chula ilikuwa matanga ya mkeka. Siku hizo bado kulikuwa na mitepe, vile vyombo vya baharini vya kushonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, na mtepe ulitaka tanga lililosukwa. Wanawake wa jirani walitusukia kili, mikanda mirefu ya miaa ya kuzunguka ua, sisi tukaziunganisha, ukili kando ya ukili, mpaka tanga likajaa ukumbi na kutokea uwanjani kwa kuku. Ukili una uso na una mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Ukiushona mmoja mgongo juu, kosa litaonekana hata na mtu asiyejua sindano hushikwa wapi.

Mama alilifanya kosa hilo mara moja tu. Baba alikuwa na safari, mabaharia wamekwisha kupakia, naye amesimama mlangoni akimwambia, "Linatosha, mke wangu, linatosha." Mama akashona ukili wa mwisho mbiombio, kwenye pindo, mgongo juu. Alipogundua, tanga lilikuwa mabegani mwa wanaume, linateremka pwani. Baba hakurudi, wala hakurudi yeyote aliyekuwa naye.

Baada ya hapo hakuna kazi iliyompendeza. Akikaribia kumaliza, huinama, hupapasa, hukuta uzi uliolegea au ukili uliopinda kidogo, kisha huanza kufumua. Wateja walimvumilia kwa huruma, halafu wakachoka. Tuliishi kwa kawa za kufunikia chakula na vifumbu vya kuchujia nazi nilivyoshona na mdogo wangu mama akiwa amelala, tukaviuza kabla hajaviona.

Alipokufa nilimlia kwa dhati, lakini nisidanganye, nilidhani pia kwamba sasa tutafanya kazi. Mambo hayakuwa hivyo. Baada ya siku za msiba kwisha, nikiwa nimeketi ukumbini adhuhuri, nilisikia sauti kutoka chumba cha ndani: uzi unavutwa taratibu kutoka kwenye mkeka mkavu. Mdogo wangu, ambaye ana jawabu la kila kitu, alisema ni panya. Nikamwuliza ni panya gani anayefanya kazi pale tu nami ninapofanya. Nikajuta kumwuliza.

Kisha mkono wangu ukaanza. Ami yangu, mdogo wa baba, alikuwa nahodha wa mtepe na ndiye mteja wetu mkubwa aliyebaki. Aliagiza tanga. Nililishona, nikaliona limepinda, nikafumua. Nikashona tena. Wanawake waliosuka zile kili walianza kunitazama kwa jicho lile lile walilomtazamia mama, na hilo lilinitisha kuliko sauti ya chumbani.

Ami akaja, akalitazama tanga lililolala vipandevipande, akavua kofia akajikuna.

"Mwanangu," akasema, kwa lafudhi yake inayogeuza mtu kuwa mchu, "mimi ni mchu wa safari. Kismayo nguo ya marekani imejaa madukani, unakata, unashona, unaondoka. Tukirudi kutoka harusi ya kule Kudha nitangoja siku chache tu; nisipokuta kichu kilichokwisha, nakwenda huko. Na wachu wote watanifuata."

Hakunitisha, alinieleza tu. Ami akihamia kwenye nguo, hakuna nahodha mwingine atakayetaka mkeka, na nyumba yetu imefungwa.

Basi tukaenda Kudha harusini, ami akatuchukua chomboni mwake. Nilikwenda kwa shingo upande, mawazo yangu yamebaki ukumbini. Nyumba ya bibi harusi ilikuwa na ua mkubwa, na ua ule ulikatwa katikati kwa mkeka mkubwa ajabu ulioning'inizwa, ili wanawake wacheze bila kuonekana na wanaume. Nikaketi upande wetu wa wanawake kwa kuuegemea. Nilipogeuka kuomba maji, nikaona kwenye pindo ukili mmoja uliofifia katikati ya zote zilizong'aa.

Nikaweka mkono pale. Ngoma iliendelea, lakini mimi sikuisikia. Nilijua ule mshono wa mama, mishono mirefu ya mtu mwenye haraka, nikajua hili ni tanga la baba. Ukili ule haukuchanika, haukulegea, haukuachia uzi hata mmoja. Juu kidogo palikuwa na doa la chumvi, basi.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliniona nimeduwaa, akaja akaketi kando yangu. Nikamwambia mimi ni mwana wa nani. Akanishika goti.

"Wanangu walilikuta tanga hili mwambani, mwanangu, zima kama unavyoliona. Chombo ndicho kilichoachia kamba zake. Tulipeleka habari kwa mamako."

"Mama alijua?"

"Alijua. Tulimwambia aje alitazame, tanga halikuwa na kosa. Akasema hataki kulitia machoni."

Nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu mama yangu katikati ya vigelegele, kwa ajili ya kila tanga alilofumua na kila usiku tuliolala kwa uji mwepesi. Kisha hasira ikaniacha na huzuni ikakaa mahali pake. Kama kosa halikuwa lake, basi baba alikufa bure tu, bila sababu, na mama hakuweza kuishi na hilo. Heri kosa. Kosa angeweza kulifumua.

Yule mama akataka kulishusha anipe. Nikamwambia liacheni, lina kazi.

Tuliporudi Chula nilishona tanga la ami kwa siku zilizobaki bila kuinua kichwa. Nilipofika ukingoni niliona ukili mmoja umepinda, katikati, mahali pa kuonekana kabisa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kisu. Na chumbani uzi ukaanza kuvutwa.

"Mama, acha," nikasema kwa sauti. Mdogo wangu aliangusha kikombe.

Tukalikunja mimi na yeye, tukaliburura mpaka pwani. Ami akauliza, "Limekwisha?"

"Bado," nikamwambia. "Lichukue."

Sikula vizuri mpaka aliporudi. Alirudi, akalalamikia bei za Kismayo, akalalamikia mabaharia wake. Tanga hakulitaja hata kidogo. Nililia jikoni kwa furaha.

Tulishona matanga mengi baada ya hilo, mengine mazuri na mengine ya hivi hivi, na yote yalitoka mlangoni. Marekani ilikuja kushinda mwishowe, kabla bendera ya Kismayo haijabadilishwa kutoka ya wazungu hawa kuwa ya wale, nasi tukageukia mikeka ya kulalia na ya kuswalia. Nyumba haikufungwa.

Adhuhuri, ninaposhika shazia, sauti ile ingali inatoka chumba cha ndani. Siendi kutazama. Mama anafumua, nami nashona, na siku hizi nina kasi kumshinda.