Waliofika Kabla ya Kiingilio

Kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipanda basi Alexandria ya Marekani na dada wawili Wakenya, kazi yao kutunza wazee, viatu vya kucheza vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tulikuwa tunaenda densi ya Wakenya wenzetu. Ukifika kabla ya saa mbili usiku, unaingia bure.

Jua la kiangazi cha kule, linalochelewa kuzama, lilikuwa bado linachoma. Bawabu akatutazama kuanzia miguuni.

"Wapishi wanapitia nyuma."

"Tumekuja kucheza," dada mmoja akasema, akibadilisha viatu pale pale mlangoni.

"Saa hii?"

"Saa tano tunaingia kazini."

Akatupisha. Ukumbini hapakuwa na mtu ila DJ na nyaya zake.

"Niwawekee nyimbo gani?" akauliza.

Wakataja, akaweka. Wakataja nyingine, akaweka. Sakafu nzima ilikuwa yetu.

Wenye manukato walipoanza kuingia, dada wale walikuwa wameinama, wanafunga kamba za raba za kazini.

Siku hizi nalipa mlangoni bila kunung'unika, naingia ukumbi umejaa. Hakuna DJ aliyeniuliza tena nataka wimbo gani.