Nilitafuta crèche yenye agrément Lubumbashi, wakati Zaïre iko inaanguka

Wakuu, jambo yenu. Hii niliona na macho yangu, sitii chumvi. Mutavumilia Kiswahili yangu, mimi ni muntu ya Lubumbashi.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya Zaïre. Bibi yangu, infirmière ku hospitali, congé yake ya kuzaa ilikuwa inaisha. Chef wake akamuambia: kama lundi, Jumatatu asubuhi, hauko hapa, nafasi yako inaenda kwa mwingine.

Mimi mwalimu, mshahara tulisahau hata rangi yake. Kazi ya bibi njo ilikuwa inatulisha. Mama-mkwe, mwenye angetuchungia mutoto, alikuwa mbali, Pweto, barabara imekatika. Na Nadège, binti yetu, alikuwa na miezi tatu tu.

Mimi na kichwa ngumu nikasema: mutoto wangu hatachungwa ovyo, ataenda crèche yenye agrément, karatasi ya ruhusa ya Serikali!

Bibi akaniangalia. "Serikali gani, baba Nadège?"

Nikaanzia commune ya Kenya, mutaa ya hapa Lubumbashi. Mama mumoja alikuwa na batoto kumi na mbili na kiti moja. Nikamuomba agrément. Akanitolea carte ya chorale ya kanisa, iko na picha na tampon, muhuri kabisa. Nikamushukuru, nikaenda.

Vendredi, Ijumaa ya mwisho mbele ya ile lundi, nikabeba Nadège mpaka centre-ville, kwenye bureau yenyewe yenye kutoa agrément.

Wakuu! Couches, nepi za batoto, zilikuwa zinakauka juu ya machine à écrire, ile ya kupiga barua. Batoto sita mule ndani.

Mujue, bafanyakazi ba Serikali, hata bila mshahara, kila asubuhi ilibidi basaini liste ya présence, ao jina inafutwa. Basi bamama walikuwa wanakuja na batoto babo, banasaini, banakaa. Secrétaire, Mama Odile, njo alikuwa anabachunga bote.

"Mama, naomba liste ya crèche zenye agrément."

"Iko mu tiroir ya meza, baba. Lakini usivute na nguvu, kuko muntu amelala."

Nikavuta polepole. Kweli, muntu alikuwa amelala, kidole kinywani. Liste nayo ilikuwa na titre tu, chini hakuna hata jina moja.

Mama Odile akaangalia Nadège. "Huyu anakunywa biberon, ao ziwa tu?"

Lundi bibi yangu akaenda kazini. Nadège akalala mu tiroir ya "Dossiers en attente", mafaili zenye kungojea.

Siku ile risasi zililia mujini, nilikimbia toka masomo mpaka pale, roho mukononi. Mama Odile alikuwa chini, batoto bote kwenye kona, mugongo wake ukielekea dirisha, anabaimbia. Nililia, sifichi.

Kisha Serikali mupya. Nilikuwa pale, nimeleta biberon, chef mupya wa ile bureau akaingia na bottes za jeshi, anatafuta dossiers. Akavuta tiroir. Nadège akamupigia chafya.

"Hii nini?"

"Crèche, chef."

"Iko na agrément?"

Mama Odile akasimama wima. "Wa kuisaini njo weye, chef."

Nikasema moyoni, leo kazi ya bibi imekwisha.

Jamaa akashusha sauti. "Munapokeaka batoto ba miezi ngapi?"

Kesho yake garde du corps, mulinzi wake, akaingia na bunduki mbele, na mutoto ya chef mugongoni, amefungwa kitenge.

Fundisho langu: tafuta kwanza muntu, karatasi itafuata. Ao haitafuata, maana muganga hajigangi, ile bureau haikujipa agrément hata siku moja.

Na nyinyi, mutoto wenu wa kwanza mulimuachia nani? Semeni kweli, inspecteur hasomake huku.