Kobe wa Bibi na mistari mitatu

Leo kobe wetu nusura aingie vitabuni!

Mtaalamu wa wanyama alikuja hapa Garsen kutambua ni kobe wa jamii gani.
Akampima, akafungua kitabu chake.
Halafu akapaza sauti:
"Mistari hii mitatu mgongoni haimo humu. Hii ni jamii mpya!"

Mimi huyo, mbio, nikapige shati pasi. Picha za vitabuni hizo!

Narudi, namkuta Bibi anacheka mpaka machozi. Kobe huyo ni wake tangu miaka ya hamsini, akiwa msichana.
"Mjukuu wangu, hiyo ni chapa ya ng'ombe wetu. Nilimchora mwenyewe kwa kisu, majirani wasije wakasema ni wao."

Kisha akamgeukia mtaalamu:

"Umesoma kote huko, chapa huijui?"

Sasa hili shati nilivae wapi, jamani?