Meza Mlangoni, Matanga Sebuleni

Naomba mnicheke mapema, ili nikifika mwisho muwe mshachoka, kwa sababu mtaani kwetu bado hawajachoka, na mpaka leo nikienda kununua mahamri asubuhi lazima mtu aniulize, "Vipi, marehemu hajambo?" Na mimi hujibu hajambo, alhamdulillahi, yuko nyumbani anakunywa chai.

Tunakaa Mji wa Kale, nyumba ya chini, mimi na mke wangu Mwanakombo. Tuna sebule, chumba chetu, na chumba kingine kidogo ambacho siku zote ni ofisi yangu na wageni wakija ndicho chumba chao. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta (shikeni hilo, mtalihitaji), na humo ndani nina meza kubwa ya mninga ambayo naipenda pengine kuliko inavyofaa. Mara ya mwisho mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alipokuja kutoka Malindi, tulimtandikia godoro chini, miguu ikaingia mvunguni mwa meza, na printa ikawa inajiwasha yenyewe na kunguruma anapoanza kusinzia. Alivumilia siku mbili, akafunga mkoba wake akahamia kwa dadake Kisauni. Mlangoni akaniambia kwa upole kabisa, "Nyumba yenu nzuri, mwanangu, ila haina pahala pangu." Mimi nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Sasa safari hii alikuwa anakuja kutibiwa macho, akae mwezi mzima, na Mwanakombo alishanipa maneno yangu. "Mama akihama tena, na mimi namfuata. Utabaki na printa yako." Hakuwa anatania, namjua. Mpango ulikuwa meza itoke iende pembeni mwa sebule, kitanda cha maana kiingie chumbani, na ndugu zake waje baada ya sala ya adhuhuri kunisaidia. "Usiguse kitu peke yako," akaniambia, akaondoka kwenda Biashara Street kununua shuka na leso, na kutoka huko apitie kituo cha mabasi kumpokea mamake. Nikamwambia sawa. Kiatu chake hakijafika nje ya kichochoro, nikaanza.

Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, basi, anione mume. Nikatoa makochi yote ya sebuleni nikayapanga nje ukutani, yakaangaliana vizuri, mtu asiseme nimeziba njia. Televisheni nikaifunika kitambaa. Chini nikatandika mikeka yote tuliyonayo, ukuta kwa ukuta, ili meza isikwaruze vigae. Redio ilikuwa inasoma Kurani tangu asubuhi, nikaiacha. Vumbi likaniingia machoni, nikatoka mlangoni nikijifuta machozi kwa ncha ya kikoi, na nilipoinua kichwa nikamwona Bi Rukia, jirani yetu wa ghorofani, dirishani kwake. Akaweka mkono kifuani akatikisa kichwa. Na mimi nikatikisa changu, kumaanisha kazi hii si mchezo. Akafunga dirisha.

Nyinyi mnaoijua Mombasa mshafika kabla yangu. Kwetu nyumba ikifiwa, kitu cha kwanza ni viti kutoka nje wanaume wakae, na mikeka kutandikwa ndani kwa wanawake. Na hakuna anayekuja kuuliza maswali, unajitanda leso yako unaingia unakaa. Mimi mwenyewe nimebeba viti vya matanga mangapi kwa mikono hii! Lakini siku hiyo kichwani mwangu mlikuwa na meza tu. Na kumbukeni mtaa mzima ulijua mama mkwe wangu anaumwa. Habari ilitoka kwetu ikiwa ya macho, ikafika kwa Bi Rukia ikiwa ya moyo.

Nikarudi chumbani, nikazunguka nyuma ya meza nikaisukuma kwa bega. Ikaenda vizuri mpaka mlangoni, ikajipinda, ikakwama. Nikavuta, haiji. Nikasukuma, haiendi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba meza ile iliingia bila miguu, na fundi alikuja kuitia miguu humo humo ndani. Nilikuwa nimepima chumba, nimepima kitanda, nimepima meza. Mlango sikuupima, mimi ninayekula kwa kuchora milango! Dirisha lina vyuma, kuikanyaga meza yangu ya mninga nitoke juu yake sithubutu, simu nimeiacha nje juu ya kochi, na mimi nimejifungia kwa meza yangu mwenyewe.

Nikakaa chini nikingojea shemeji zangu. Baada ya muda nikasikia ndara, nyingi, zikivuliwa taratibu mlangoni. Kisha kwikwi ya mtu. Nikachungulia juu ya meza, nikaona sebule imejaa mabuibui, wanawake wamekaa kwenye mikeka yangu vichwa chini.

"Jamani, kuna nini?"

Bi Rukia akasogea, macho mekundu. "Subiri, mwanangu. Ndiyo njia yetu sote."

"Bi Rukia, nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyerukwa na akili kwa majonzi. "Mama mkwe wako, mwanangu. Bi Zuhura."

Nikaamini. Mtanicheka, lakini ungekuwa wewe, sebule imejaa wafiwa, ungeuliza nani kawaletea habari? Sikuuliza. Nilichokumbuka ni yule mama mlangoni na mkoba wake, akisema hana pahala kwangu, na mimi nacheka. Iliniuma, wallahi. Nikaweka paji la uso juu ya meza nikalia, si kilio cha kiume cha kujikaza, nililia kwa sauti, nikisema, "Mama nisamehe, nilikuwa nakutengenezea chumba!" Wanaume waliokuwa nje kwenye makochi, ambao kumbe walikuwa bado na shaka, wakasema basi ni kweli, na mmoja akaondoka mbio kwenda Makadara kuagiza mahamri na sufuria la mbaazi. Humu ndani nikasikia wakinong'onezana, "Mwacheni, ameziba mlango kwa meza, hataki kuonekana, maskini."

Zikaanza sifa. Mkarimu, hana makuu, mkono wake wa pilau haujapata kutokea. Bi Rukia naye akashindwa kujizuia. "Na mimi nina sinia lake la shaba, tangu harusi ya Mwanakombo sijamrudishia. Leo nitamwambiaje, miye?"

"Utaniambia liwapi," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Bi Zuhura mwenyewe. Walikuwa wamefika na tuktuk, Mwanakombo akaona makochi yake nje na wanaume wakiinuka kwa adabu, akajua ni mimi niliyekufa, akabaki kichochoroni akiliita jina langu, ndugu zake ambao ndio kwanza wanafika wakimshika. Mamake kwa macho yake yale hakuona nani ni nani, akapita moja kwa moja mpaka mlangoni akasimama kusikiliza anatajwa nani. Akajisikia yeye.

Sitaweza kuwasimulia vurumai ile sawasawa. Kuna aliyepiga mayowe, kuna aliyesoma dua, na ndara ya Bi Rukia ya mguu wa kushoto haijaonekana mpaka leo. Mimi nikainua kichwa juu ya meza, makamasi yananitoka.

"Mama?"

"Mbona walia, mwanangu?"

"Nakulilia wewe, Mama."

Akacheka mpaka akakaa chini mkekani katikati ya waliokuja kumzika. Mwanakombo akaingia mbio, akaniona mzima nyuma ya meza, akalia tena, halafu akakasirika. "Si nilikwambia usiguse kitu!"

Shemeji zangu wakafungua miguu ya meza, nikatoka. Na kwa kuwa wanaume wa mtaa walikuwepo wote na mikono yao ni mitupu, Bi Zuhura akawaamrisha: meza kule pembeni, kitanda hapa karibu na dirisha, makochi yarudi ndani, na hilo lidude linalonguruma litafutiwe kwingine. Kazi iliyonishinda ikaisha kabla mbaazi hazijafika. Zilipofika hakuna aliyejua la kufanya, matanga yenyewe hayapo, mpaka marehemu mwenyewe akavuta sahani akasema mahamri hayangoji mtu.

Wageni walipoondoka, Mwanakombo akamuuliza kwa wasiwasi, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa, "Mama, utakaa lakini?"

"Niende wapi?" akasema, akibonyeza godoro lake jipya. "Nyumba niliyoliliwa namna hii n'takaa mpaka nililiwe kweli."

Macho yalishapona zamani, na bado tuko naye. Sinia lilirudi kesho yake, lina halua juu. Na mimi nimeapa: siku hizi hata nikitaka kupiga deki tu sebuleni, kabla sijatoa kochi la kwanza natoa kichwa nje kwanza, namwita Bi Rukia, namwambia, "Sote wazima huku! Ni deki tu!"